Kujitegemea katika fasihi ya mwanzo ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila muhula kutoka kwa wanafunzi wa fasihi, walimu wao, na wasomaji waliokutana na jina la Emerson au Thoreau wakataka kujua zaidi. Yameanza na ya msingi, yanaishia kwenye yale yenye ubishi. Pale jambo linapoguswa juu juu, namba ya swali jingine imetajwa ili usisome kitu kilekile mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Fasihi ya mwanzo ya Marekani ni ya miaka gani?

Kwa kawaida huhesabiwa tangu Waingereza walipoweka makazi Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861. Mpaka huo umewekwa na walimu ili kurahisisha kazi. Wenyeji wa asili walikuwa na hadithi, nyimbo na hotuba zao karne nyingi kabla ya meli ya kwanza kutia nanga.

2. "Kujitegemea" hapa ni kujilisha au ni kujiamini?

Ni vyote viwili, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kuna kujitegemea kwa mkono: kulima, kujenga, kulipa deni lako mwenyewe. Kuna kujitegemea kwa Benjamin Franklin, yaani mtu kuanza chini na kupanda kwa bidii na tabia njema. Halafu kuna kwa Ralph Waldo Emerson: kuiamini hukumu yako hata wazee, kanisa na magazeti wakisema vingine. Kwa Emerson, mtu anaweza kuwa na shamba, mifugo na akiba, na bado akawa tegemezi kwa sababu mawazo yake yote ni ya kuazima.

Niseme msimamo wangu mapema. Naona maandishi haya yanauliza mambo mawili: nani anaimiliki hukumu yako, na nani anabeba mzigo ili wewe uweze kusimama. Waandishi maarufu wengi hulijibu la kwanza kwa ufasaha mkubwa na kulipita la pili haraka haraka. Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo.

3. Ni kujitegemea kulekule kwa Azimio la Arusha?

Hapana, ingawa kuna mahali vinagusana. Azimio la mwaka 1967 lilizungumzia nchi changa isiyotaka kujengwa kwa misaada na mikopo ya wageni. Likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hesabu yake ilianzia kwa mtu mmoja mmoja, ikapanda hadi nyumba kumi kumi, kata, wilaya, mkoa na taifa. Emerson anaanza na mtu mmoja na anabaki naye. Jamii, kwake, ndiyo hasa inayomnyang'anya mtu nafsi yake. Ukichanganya viwili hivi kwenye insha ya mtihani, utajikuta unamtetea Emerson kwa hoja za Mwalimu Nyerere, ambazo asingezikubali.

4. Wapuritani walihubiri kujitegemea?

Wengi hudhani hivyo juu ya Waprotestanti hao wenye msimamo mkali waliohama kutoka Uingereza, na karibu wote hushangaa wakiyasoma maandishi yenyewe. John Winthrop, katika mahubiri yake ya mwaka 1630 kwa watu waliokuwa wakielekea Massachusetts, aliwataka wafurahi pamoja, walie pamoja, wafanye kazi na kuteseka pamoja. Mtu aliyejitegemea mwenyewe badala ya Mungu na ndugu zake alikuwa kwenye hatari ya kiburi, dhambi kubwa machoni pao.

Dalili za kwanza za kujitegemea zilitokana na njaa. Jamestown, kapteni John Smith alishika neno la Biblia kwamba asiyefanya kazi asile. Plymouth, gavana William Bradford anasimulia jinsi walivyolima shamba la pamoja, watu wakanung'unika, hadi mwaka 1623 kila familia ilipogawiwa kipande chake. Wanawake, anasema, wakaanza kwenda shambani kwa hiari na watoto wao wadogo, mahindi yakapandwa mengi zaidi. Lakini Bradford huyohuyo anaeleza kwamba aliyewafundisha kuyapanda mahindi hayo, kwa mbolea ya samaki, alikuwa Squanto, mwenyeji wa asili aliyejua Kiingereza.

Msome pia Mary Rowlandson, aliyetekwa Februari 1676 katika vita kati ya walowezi na wenyeji, na kitabu chake kikatoka mwaka 1682. Akiwa mateka alijilisha kwa sindano. Alimshonea shati mtoto wa Metacom, kiongozi wa upande wa wenyeji, akalipwa shilingi, akainunulia kipande cha nyama ya farasi. Aliposhona kofia alikaribishwa chakula, akapewa chapati iliyokaangwa kwa mafuta ya dubu. Ukiusoma ukurasa huo unamwona fundi anayeishi kwa kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe anamshukuru Mungu kwa kila tonge, na mikono yake haitaji kabisa.

## Benjamin Franklin

5. Kwa nini kila kozi inaanza na Franklin?

Kwa sababu ndiye aliyegeuza maisha yake kuwa kielelezo. Alizaliwa Boston mwaka 1706, akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, akatoroka mwaka 1723 akiwa na miaka 17. Tawasifu aliyoanza kuiandika mwaka 1771 inamwonyesha akishuka Philadelphia na nguo chafu za safari, ananunua mikate mitatu mikubwa, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, wa tatu anautafuna barabarani. Binti anamwona kutoka mlangoni kwao na kumwona kituko. Ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Mikate miwili iliyobaki anampa mwanamke na mtoto waliosafiri naye mtoni.

Franklin aliipanga picha hiyo makusudi, na anakiri: anataka msomaji alinganishe mwanzo huo na hadhi aliyofikia baadaye. Wengi hubaki na mikate, wakasahau kurasa zinazofuata, ambapo marafiki wawili, Coleman na Grace, kila mmoja kwa wakati wake, walijitolea kumpa fedha za kuokoa biashara yake ya uchapaji isizame kwenye madeni. Franklin hawafichi watu hao, anawataja kwa majina. Wanaowaficha ni sisi tunaomsimulia kama mtu aliyejitengeneza peke yake. Huyohuyo ndiye aliyeanzisha kikundi cha mafundi cha kusaidiana na kujadiliana mwaka 1727, na maktaba ya wanachama mwaka 1731.

6. Zile fadhila 13 alizishika kweli?

Alijaribu kwa utaratibu wa mhasibu. Alichora daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila fadhila, safu saba za siku za juma, akawa anatia doa jeusi kila alipokosea. Fadhila moja ilipewa wiki moja ya uangalizi maalumu; wiki 13 zikikamilika anarudia, hivyo mizunguko minne kwa mwaka.

Utaratibu, yaani kila kitu mahali pake, ulimshinda. Anajifananisha na mtu aliyetaka shoka lake ling'arishwe lote. Mhunzi akakubali, mradi yeye mwenyewe azungushe jiwe la kunolea. Akazungusha, akachoka, mwishowe akasema analipenda shoka lenye madoadoa. Unyenyekevu nao uliongezwa mwishoni, baada ya rafiki yake Mkweka (mfuasi wa madhehebu ya Quaker) kumwambia kwamba watu wanamwona mwenye majivuno. Franklin anaongeza kwamba hata angekishinda kiburi kabisa, labda angejivunia unyenyekevu wake.

7. "Mungu humsaidia anayejisaidia" ni maneno ya Biblia?

Siyo. Franklin aliyachapa katika almanaka yake ya mwaka 1736, na hakuyabuni yeye: wazo lenyewe lipo katika ngano za kale za Aesop. Yanazunguka makanisani kana kwamba ni andiko kwa sababu yanasikika kama andiko. Wapuritani wa swali la 4 wangeyakataa.

## Ralph Waldo Emerson

8. Insha ya Emerson inasema nini hasa?

Inaitwa *Self-Reliance*, na ilitoka mwaka 1841 katika kitabu chake cha kwanza cha insha. Hoja yake inaweza kusemwa hivi: kila mtu ana ufahamu fulani ambao ni wake peke yake, na kazi yake duniani ni kuusikiliza na kuusema. Ajiamini, maana kila moyo hutetemeka kwa uzi huo wa chuma. Husuda ni ujinga. Kuiga ni kujiua. Anayetaka kuwa mtu sharti akatae kufuata mkumbo. Jamii anaifananisha na kampuni ya hisa ambayo wanachama wamekubaliana kila mmoja apate mkate wake kwa sharti la kusalimisha uhuru wake.

Msomaji wa mara ya kwanza hulalamika kwamba insha haina mpangilio. Ni kweli, haiendi kwa hatua. Emerson aliyachota mengi kwenye shajara na mihadhara yake, akayashona sentensi kwa sentensi. Usiisome kama hotuba ya wakili. Soma aya tatu, funga, tembea kidogo, rudi.

Kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mwalimu aisimamie. Akitaka mfano wa uhuru wa kweli, Emerson anawatazama wavulana wasiojali, kwa kuwa wana hakika ya chakula cha jioni, wasiodhani wana haja ya kumpendeza yeyote. Huo, anasema, ndio msimamo wenye afya wa mwanadamu. Ni picha nzuri, na ina ukweli; tunamjua mtoto wa aina hiyo, anavyokutazama machoni bila woga. Lakini chakula hicho cha jioni kimepikwa na mtu. Insha nzima haimgeukii aliyekipika. Naipenda insha hii na ninaifundisha kwa moyo wote, na bado kila ninapofika hapo nasimama.

9. Emerson mwenyewe aliishi alivyohubiri?

Kwa upande wa dhamiri, ndiyo, na gharama aliilipa. Mwaka 1832 aliacha uchungaji wa kanisa lake Boston kwa sababu hakuweza tena kuongoza ibada ya Meza ya Bwana kwa imani ya kweli. Mwaka 1838 aliwahutubia wahitimu wa theolojia wa Harvard kwa maneno yaliyowaudhi wakubwa wa chuo, ikapita karibu miaka 30 kabla hawajamwalika tena.

Kwa upande wa mfuko, hali ni tofauti. Mke wake wa kwanza, Ellen, alifariki mwaka 1831 akiwa na miaka 19 tu, na urithi wake ulimpa Emerson takriban dola 1,200 kwa mwaka. Fedha hizo, pamoja na malipo ya mihadhara, zilimwezesha kuishi bila mwajiri.

10. Ni kweli anasema tusiwasaidie maskini?

Anasema, na kwa ukali: anauliza kama hao ni maskini *wake*, na kuiita dola anayoitoa kwa aibu dola ovu. Usijaribu kuipaka rangi sentensi hiyo.

Isome hata hivyo na zinazoizunguka. Anachokikataa zaidi ni misaada ya kufuata mkumbo, michango ya vyama vya hisani ambayo mtu hutoa ili asionekane mchoyo. Wapo watu, anaendelea, ambao kwa ajili yao yuko tayari kwenda jela. Maishani alimsaidia rafiki yake Bronson Alcott kwa fedha mara nyingi, na Thoreau kwa ardhi (swali la 13). Kwa maoni yangu utetezi huo unamsafisha Emerson mwenye nyumba katika mji wa Concord, hauisafishi sentensi. Mwenye njaa asiye na undugu wa roho na wewe atakula wapi? Insha haijibu.

11. Ile sentensi ya uthabiti na akili ndogo ina maana gani?

Emerson alisema uthabiti *wa kijinga* ndio zimwi la akili ndogo. Watu huliacha neno "wa kijinga", na sentensi inageuka kuwa ruhusa ya kuwa kigeugeu. Alichomaanisha ni kwamba usiyakatae unayoyaona leo eti kwa sababu jana ulisema vingine.

12. Kama kila mtu aifuate nafsi yake, mwovu naye je?

Swali hili alishaulizwa na anajiuliza mwenyewe ndani ya insha. Mzee mmoja anamwonya kwamba msukumo wa ndani unaweza kutoka chini, si juu. Anamjibu kwamba haoni hivyo, ila kama yeye ni mtoto wa shetani, basi ataishi kwa shetani.

Jibu hilo hushtua, lakini lina mizizi. "Nafsi" anayoitegemea ni ile ya chini kabisa, ambamo anaamini akili moja kubwa ya kimungu inapita kwa watu wote. Katika kitabu hichohicho kuna insha nzima juu ya Roho hiyo. Kwake, ukichimba vya kutosha ndani yako utakuta yuleyule ninayemkuta mimi. Kwa hiyo kinga dhidi ya uovu ni imani, wala hajaijengea hoja. Asiyeishiriki imani hiyo atabaki na kitabu cha hatari mkononi, na mwandishi wa riwaya Herman Melville aliliona hilo mapema (swali la 18).

## Henry David Thoreau

13. Thoreau alijitegemea kweli pale Walden, au alikuwa anapelekewa chakula na mama yake?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa nia ya kumaliza mjadala. Tuanze na yaliyoandikwa.

Thoreau alihamia kando ya ziwa Walden, karibu na Concord, tarehe 4 Julai 1845, akaondoka tarehe 6 Septemba 1847. Nyumba yake ilikuwa ya futi 10 kwa 15. Alianza ujenzi kwa shoka la kuazima. Mwenye shoka akilikabidhi alisema ni mboni ya jicho lake, na Thoreau anajigamba kwamba alilirudisha likiwa kali zaidi ya alivyolichukua. Mbao alizipata kwa kununua kibanda cha James Collins, Mwairishi aliyefanya kazi ya reli, kwa dola 4.25. Siku ya kusimamisha fremu waliitwa marafiki. Gharama yote ilifika dola 28 na senti 12 na nusu, chini ya pango la mwaka mmoja la chumba cha mwanafunzi Harvard. Shamba, hasa la maharage, liliingiza dola 23.44 mwaka wa kwanza. Akitoa matumizi, akabaki na dola 8 na senti 71 na nusu.

Ardhi ilikuwa ya Emerson. Nyumbani kwa wazazi alikwenda mara kwa mara na kula huko, wala hakusema anaishi jangwani. Kijiji kilikuwa mwendo mfupi kwa miguu na reli ilipita kando ya ziwa. Katika orodha yake ya matumizi kuna mstari ambao wengi huuruka: kufua na kushona viraka vilifanyika nje ya nyumba yake, na bili, anasema, bado haijaletwa.

Bili hiyo haikuja kamwe, na hata ndani ya kitabu chake *Walden*, kilichotoka mwaka 1854, hakuna aliyeidai. Hata hivyo sikubaliani na wanaomwita tapeli. Tapeli haandiki nusu senti. Ni Thoreau mwenyewe aliyetupa shoka la kuazima, kibanda cha Collins na nguo chafu. Bila daftari lake tusingekuwa na la kumshtaki nalo. Alitaka kujua maisha yanahitaji nini hasa, na hesabu yake inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ya majirani zake ilikuwa ya kulipia vitu wasivyovihitaji. Hilo linasimama hata kama shati lake lilifuliwa na mtu mwingine.

14. Alifungwa jela kwa nini?

Julai 1846, akiwa bado anaishi Walden, alikamatwa kwa kutolipa kodi ya kichwa kwa miaka sita. Hakutaka fedha yake iihudumie serikali iliyolinda utumwa na iliyokuwa ikipigana na Mexico. Alilala usiku mmoja. Mtu akamlipia bila ridhaa yake. Alipokamatwa alikuwa anakwenda kwa fundi kuchukua kiatu, na asubuhi alipotoka alimalizia safari hiyo, akavaa kiatu, akaenda na wenzake kuchuma matunda ya porini.

Insha iliyotokana na usiku huo ilichapishwa mwaka 1849. Ndani yake kuna jambo ambalo Emerson hakulifikia mwaka 1841: hata kama sina wajibu wa kuuondoa uovu wote duniani, kabla ya kushika shughuli zangu ni lazima nihakikishe sijakaa juu ya mabega ya mtu mwingine. Gandhi aliisoma insha hii na kuchapa sehemu zake mwaka 1907 katika gazeti lake la *Indian Opinion*, Afrika Kusini.

## Waliokuwa nje ya picha

15. Mtumwa anawezaje kujitegemea?

Kwa sheria ya wakati ule, hawezi: mwili wake, jasho lake na watoto wake ni mali ya mwingine. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wamsome Frederick Douglass *kabla* ya Emerson. Anayeanzia mahali ambapo nafsi yenyewe imeuzwa huona mambo ambayo mwenye hakika ya chakula cha jioni hayaoni.

Tawasifu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1845. Alizaliwa Maryland mwaka 1818 au karibu na hapo, na hakupewa hata haki ya kuijua siku yake ya kuzaliwa. Baltimore, bibi mwenye nyumba alianza kumfundisha herufi, mumewe akakataza, akisema kusoma humharibu mtumwa. Douglass akaelewa papo hapo njia ya uhuru iko wapi. Akawa anabeba mkate mfukoni anapotumwa, akiwapa watoto wa kizungu maskini wenye njaa, nao wakimlipa kwa masomo. Tazama mkate wa Franklin na mkate huu: mmoja unaliwa barabarani kwa uhuru, mwingine ni ada ya shule ya siri.

Baadaye akawa fundi kalafati kwenye viwanda vya meli, na kila wiki mshahara wake wote ulikwenda kwa bwana wake. Akileta dola sita, wakati mwingine bwana alimrudishia senti sita kama motisha. Douglass anasema senti hizo zilifanya kinyume: kwake zilikuwa kama kukiri kwamba fedha zote ni haki yake. Sijui aya nyingine katika fasihi ya kipindi hiki inayoeleza kwa ufupi kiasi hicho kujitegemea ni nini na wizi wake ni nini.

Pigano lake na Covey, mkulima aliyesifika kwa kuwavunja watumwa wakaidi, mwaka 1834 ndilo linalonukuliwa zaidi, na kwa haki. Ila liangalie vizuri. Covey alipoita msaada, Bill, mtumwa wa kukodishwa, alikataa, akisema bwana wake amemkodisha afanye kazi, si kusaidia kupiga watu. Douglass alishinda kwa nguvu zake, na pia kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyanyua mkono.

Kuanzia mwaka 1859 alitoa mara nyingi mhadhara juu ya watu waliojiinua wenyewe. Anaanza kwa kusema kwamba, tukisema kweli kabisa, watu wa namna hiyo hawapo, kwa kuwa hakuna asiyewategemea waliomtangulia na anaoishi nao. Baada ya hapo ndipo anapoisifu bidii.

16. Na wanawake?

Margaret Fuller, rafiki wa Emerson na mhariri wa kwanza wa jarida lao, aliichukua hoja yake na kuisukuma mahali yeye hakuisukuma. Katika kitabu chake cha mwaka 1845 anataka kila njia iwe wazi kwa mwanamke kama ilivyo kwa mwanamume. Wakitaka wawe hata manahodha. Anaona kwamba wasichana hufundishwa kutafuta kanuni zao nje, kwa baba na kwa mume, hivyo mwito wa kujitegemea unawahusu wao kuliko wavulana.

Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani, ndiye anayenigusa zaidi. Kumkwepa bwana wake alijificha karibu miaka saba Edenton, North Carolina, katika dari la kibanda kwenye nyumba ya bibi yake: urefu futi 9, upana 7, kimo kisichozidi futi 3. Alitoboa matundu kwa kekee ili apate hewa na awaone watoto wake wakipita chini, bila wao kujua yuko pale. Aliyepika ni nani? Bibi. Aliyeleta habari ni nani? Ndugu. Kitabu chake cha mwaka 1861 kinaeleza uhuru uliojengwa kwa mikono mingi na akili moja isiyokubali kununuliwa. Fedha zilipolipwa hatimaye ili aachiwe, aliumia kwamba ameuzwa tena, ingawa alimpenda rafiki aliyelipa.

Rafiki huyo alikuwa mke wa mwandishi Nathaniel Parker Willis. Dada wa Willis, aliyeandika kwa jina la Fanny Fern, alitoa mwaka 1855 riwaya ya mjane aliyenyimwa msaada na ndugu zake, akiwemo kaka aliye mwandishi, akajilisha kwa kalamu. Kuna ukurasa umechapwa hati yake ya hisa za benki, na nadhani ndiyo furaha kubwa kuliko harusi yoyote katika riwaya za miaka ile.

17. Wenyeji wa asili wanaingia wapi?

Wanaingia kwenye ardhi yenyewe. Thomas Jefferson aliwasifu wakulima wadogo kuwa watu wateule wa Mungu, na kuonya kwamba utegemezi huzaa unyonge na rushwa. Yeye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, na mashamba ya wakulima aliowasifu yalikuwa yamechukuliwa kutoka kwa wenyeji hao.

Wakati huohuo Sequoyah, Mcherokee asiyejua kusoma Kiingereza, alikamilisha mwaka 1821 mfumo wa maandishi ya silabi kwa lugha yake. Mwaka 1828 Wacherokee wakawa na gazeti lao kwa lugha mbili. Miaka kumi baadaye serikali iliwafukuza kwa nguvu kutoka nchi yao. Emerson alimwandikia rais Van Buren barua kali ya kupinga, haikusaidia. Mtaala unaofundisha kujitegemea bila Sequoyah una pengo kubwa. William Apess, Mpequot, naye alichapisha tawasifu yake mwaka 1829, mapema kuliko kitabu chochote cha Emerson.

## Maswali ya pembeni

18. Nani aliipinga dhamira hii?

Nathaniel Hawthorne na Herman Melville, kwa njia tofauti. Hawthorne alijiunga mwaka 1841 na shamba la pamoja la Brook Farm, akasomba samadi kwa miezi kadhaa, akaondoka; riwaya yake ya mwaka 1852 inawatilia shaka wanaojenga dunia mpya. Melville alikwenda mbali zaidi. Nahodha Ahab, katika riwaya ya mwaka 1851, ni mtu anayeitii nafsi yake tu, na jahazi zima linazama naye. Riwaya yake ya mwaka 1857 ina mwanafalsafa ambaye wahakiki wengi humtambua kuwa ni Emerson, pamoja na mfuasi anayekataa kumkopesha rafiki na kutetea uchoyo kwa hadithi ya mtengeneza mishumaa aliyefilisiwa na mkopo wa rafiki. Soma hiyo baada ya swali la 10.

19. Walt Whitman ni kujitegemea au ni kujisifu?

Diwani yake ya mwaka 1855 aliigharamia mwenyewe na kusaidia kupanga herufi za chapa. Emerson alimwandikia barua ya pongezi, naye akachapa maneno ya barua hiyo kwenye mgongo wa toleo la pili bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo kujisifu kumo. Lakini "mimi" wa mashairi yake anataka kuwa kila mtu, mtumwa aliyetoroka akiwemo, na hapo anatofautiana na Emerson.

20. Nina wiki moja kabla ya mtihani. Nianzie wapi?

Anza na tawasifu ya Douglass ya mwaka 1845. Ni fupi, siku mbili zinatosha. Siku ya tatu soma insha ya Emerson polepole, kwa namna niliyoeleza katika swali la 8. Ya nne na ya tano, sura ya kwanza ya *Walden*, ambayo ndiyo ndefu na ndiyo yenye hesabu zote, na insha ya jela. Ya sita, sehemu ya pili ya tawasifu ya Franklin pamoja na ukurasa wa mikate katika ya kwanza. Ya saba, sura ya Jacobs kuhusu dari. Haki za kunakili za vitabu hivi vyote zimekwisha, hivyo matini kamili zinapatikana bure kwenye intaneti. Hakikisha tu unasoma matini yenyewe, kwa sababu nukuu za Emerson zinazosambazwa kwenye simu mara nyingi zimekatwa mahali pabaya, kama ile ya swali la 11.